Miaka 18 au 21: Historia ya Umri wa Kumiliki Bunduki Marekani

Sheria za Marekani kuhusu umri wa kumiliki bunduki zimejengwa juu ya namba mbili za kale. Sheria ya wanamgambo ya mwaka 1792 iliwaandikisha wanaume weupe wa kuanzia miaka 18 na kuwataka waje na silaha zao. Katika mambo ya mali na mikataba, hata hivyo, sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza ilimhesabu kijana kuwa mtoto hadi atimize miaka 21.

Majimbo yalianza kuingilia kati bastola zilipoenea. Mwaka 1856 Alabama ilikataza kumuuzia, kumpa au kumwazima mvulana asiyetimiza umri wa utu uzima bastola au kisu kikubwa aina ya Bowie. Tennessee ilifanya vivyo hivyo mwaka huohuo, ila ikaruhusu bunduki ya kuwindia na silaha ya kujilinda safarini. Kentucky ilifuata mwaka 1859: mzazi au mlezi aliruhusiwa kumpa mtoto silaha, lakini mtu mwingine yeyote alitozwa faini. Kifungu hicho kiliwaweka watumwa na watu weusi huru pamoja na watoto, ushahidi kwamba hofu ya walioandika sheria haikuwa ya umri peke yake. Kwa jumla, sheria hizi zilimwadhibu aliyetoa silaha. Mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Tennessee iliithibitisha sheria ya jimbo lake, na kufikia mwisho wa karne majimbo mengi yalikuwa na katazo la namna hiyo.

Serikali ya shirikisho iliweka mipaka ya nchi nzima mwaka 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy. Muuzaji mwenye leseni alikatazwa kumuuzia bastola mtu wa chini ya miaka 21, na bunduki ya mtutu mrefu mtu wa chini ya miaka 18. Miaka mitatu baadaye Katiba ilishusha umri wa kupiga kura hadi 18, na majimbo mengi yakaushusha pia umri wa utu uzima. Mwaka 1994 kumiliki bastola chini ya miaka 18 kukawa kosa la shirikisho, isipokuwa kwa shughuli kama uwindaji na mafunzo.

Februari 2018 kijana wa miaka 19 aliua watu 17 katika shule moja ya Parkland, Florida, kwa bunduki aliyoinunua kihalali. Katika muda wa wiki chache Florida ilipandisha umri wa kununua bunduki yoyote hadi 21, na Vermont ikafuata mwaka huohuo. New York ilichukua hatua kama hiyo kwa bunduki zinazojipakia risasi zenyewe mwaka 2022, baada ya mauaji ya watu kwa risasi katika mji wake wa Buffalo.

Mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru sheria za silaha zipimwe kwa desturi za kihistoria, na zile namba mbili zikarudi mahakamani. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya New Orleans, ikizitazama sheria za wanamgambo, ilibatilisha katazo la shirikisho la kuwauzia bastola wenye miaka 18 hadi 20. Machi, mahakama ya rufaa ya Atlanta iliidumisha sheria ya Florida, kwa hoja kwamba waasisi wa nchi walimhesabu mtu wa chini ya miaka 21 kuwa hana uwezo kamili wa kufunga mkataba.