Ushuhuda na ushahidi

Mzee wa kanisa akisema "wenye ushuhuda wapite mbele," hakuna anayesikia "wenye ushahidi." Ushahidi ni wa mahakamani, hupekuliwa na wakili. Ushuhuda hauna wakili. Hata hivyo maneno haya ni ndugu wa damu, yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo na kuona. Kitenzi ndicho kilichokataa kugawanywa: aliyesimama kando ya barabara "ameshuhudia" ajali hata asiposema neno, na vijana wanaopita nyumba kwa nyumba Jumamosi nao "wamekwenda kushuhudia." Kuona na kusema vimebaki chungu kimoja.

Shahidi naye ana historia yake. Kiarabu hutofautisha kwa urefu wa irabu anayeona na anayeuawa kwa ajili ya imani. Kiswahili, kisichojali urefu huo, kikawaita wote shahidi. Ndiyo maana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 ni Mashahidi wa Uganda, ingawa wengine husema wafiadini. Neno la Kigiriki la shahidi katika Agano Jipya lilipita njia hiyohiyo: lilianzia barazani kwa hakimu, likaishia kwenye damu.

Kwa Walokole wa Uamsho, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, ushuhuda ulikuwa mchungu. Mtu aliitaja dhambi yake kwa jina mbele ya watu, na aliyeiba alirudisha. Siku hizi tunasikia zaidi shuhuda za gari na viza. Sizikatai, lakini habari ya jirani uliyoisikia kwenye semina, hata iwe tamu vipi, ni habari tu. Yule kipofu wa Yohana 9 alipobanwa na Mafarisayo kuhusu aliyemponya, hakujitia mwanatheolojia. Alisimamia kile kilichoyapata macho yake.

Mama mmoja alishika maikrofoni kanisani kwetu. "Bwana Yesu asifiwe!" Tukaitikia amina. "Tangu Pasaka sijagombana na wifi yangu." Akarudi kukaa. Kanisa lote likageukia benchi la tatu, alikokaa wifi mwenyewe. Wifi akafikiri kidogo, kama anayehesabu miezi, kisha akatikisa kichwa kukubali.