Breza ya injini ya turbo

Breza ya injini ya turbo ni mfumo wa mipira na vali unaotoa gesi katika chemba ya kranki ya injini yenye turbo na kuirudisha kwenye njia ya hewa ili iungue. Chemba ya kranki ni nafasi iliyo chini ya pistoni, ambamo kranki huzunguka juu ya sampu ya oili.

Asili ya gesi

Ringi za pistoni hazizibi silinda kabisa. Kila mwako unapoisukuma pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka kwenye chemba ikiwa na masizi, mvuke wa maji na mafuta yasiyoungua. Humo huchanganyika na matone madogo ya oili. Turbo huiongeza gesi hiyo kwa njia mbili: shinikizo ndani ya silinda huwa kubwa zaidi, na gesi nyingine hupenya kwenye sili za turbo yenyewe kisha kushuka sampuni pamoja na oili.

Gesi isipopata njia ya kutoka, shinikizo hupanda na oili husukumwa nje kupitia sili za kranki. Magari ya zamani yalikuwa na bomba lililoachwa wazi chini ya injini, likimwaga moshi na oili barabarani. Jimbo la California nchini Marekani lilidai mwanzoni mwa miaka ya 1960 magari mapya yarudishe gesi hiyo ndani ya injini, na huo ulikuwa miongoni mwa udhibiti wa kwanza wa hewa chafu ya magari.

Njia mbili katika injini ya petroli

Injini ya petroli isiyo na turbo huwa na ombwe katika manifodi ya kuingiza hewa, nalo huivuta gesi kupitia vali ndogo. Turbo inapofanya kazi, ombwe hilo hugeuka kuwa shinikizo. Kama vali ingebaki wazi, hewa iliyobanwa ingeingia chemba ya kranki. Kwa hiyo vali huwa ya upande mmoja: hufunguka injini inapozunguka bila mzigo na hufunga turbo inaposukuma. Hapo gesi hupita mpira wa pili, ulioungwa kati ya chujio la hewa na turbo, mahali ambapo turbo huvuta.

Injini ya Subaru Forester ya turbo hutumia mpango huu. Kwa kuwa silinda zake zimelala ubavu, oili hukaa kwenye kava za tapeti, na mipira ya breza hutoka kila upande. Vali ikifa ikiwa wazi, oili huweza kuvuja gari linapopanda mlima.

Dizeli na turbo ya kuongezwa

Dizeli nyingi za zamani hazina kilango cha kuzuia hewa, hivyo hazina ombwe la maana. Breza huenda moja kwa moja kwenye bomba lililo kabla ya turbo. Hili ni muhimu kwa Toyota Land Cruiser za utalii mkoani Arusha. Nyingi zina injini ya 1HZ, silinda 6, sentimita za ujazo 4,163, ambayo kiwandani haina turbo. Fundi anayeongeza turbo lazima ahakikishe mpira wa breza umechomekwa kabla ya turbo. Ukiachwa baada yake, turbo itaijaza hewa chemba ya kranki.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuilaumu turbo bure. Oili iliyolainisha beringi za turbo hurudi sampuni kwa kuteremka tu, haina pampu ya kuirudisha. Breza ikiziba, shinikizo la chemba huizuia oili hiyo kushuka, nayo hutokea kwenye sili za turbo na kuleta moshi wa bluu. Mwenye gari hununua turbo mpya, na baada ya muda mfupi moshi hurudi.

Oili ikiingia kwa wingi upande wa hewa, dizeli huweza kuichoma kama mafuta na kuongeza kasi yenyewe bila kuzimika hata ufunguo ukitolewa. Huzimwa kwa kuziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa, kamwe si kwa mkono, au kwa kuweka gia ya juu, kukanyaga breki na kuachia klachi.

Mazingira ya Meru

Maji ya Chai, kata ya Wilaya ya Meru iliyo kando ya barabara ya Arusha–Moshi, ina baridi ya asubuhi mwezi Juni na Julai. Gari la safari fupi halipati moto wa kutosha kukausha mvuke, na ute wa rangi ya chai ya maziwa hujikusanya chini ya kifuniko cha oili na ndani ya breza (mto ulioipa kata jina una rangi ya chai kavu). Ikiwa oili ya kwenye dipstiki ni safi na maji ya rejeta hayapungui, kwa kawaida ni mvuke tu. Oili yote ikiwa nyeupe, gasketi ya silinda hedi ichunguzwe.

Kiangazi tatizo huwa vumbi laini la kivolkano. Mpira wa breza uliopasuka huruhusu turbo kuvuta hewa isiyochujwa, na vumbi hilo hula panga za turbo, kisha ringi.

Upimaji

Kuondoa kifuniko cha oili na kuangalia moshi hakutoshi, kwani kila dizeli hupumua kidogo. Njia nafuu ni mpira mwangavu uliopindwa kama herufi U, wenye maji, uliounganishwa na tundu la dipstiki. Tofauti ya sentimita 10 kati ya maji ya pande mbili ni takriban kilopaskali 1. Kipimo hufanywa kwanza breza ikiwa imeungwa, kisha ikiwa imechomolewa na tundu lake liko wazi. Shinikizo likishuka sana mara ya pili, mpira au vali imeziba. Likibaki juu, ringi zimechoka.