Kutoroshana na Kutoroshwa: Njia ya Gretna Green

Kila Siku ya Wapendanao inapokaribia, hoteli za hapa hutangaza mapumziko ya wikendi kwa wachumba: chumba, chakula cha jioni, maua mezani. Kijiji cha Gretna Green, kilicho Scotland karibu kabisa na mpaka wa Uingereza, kina lake la kuuza zaidi ya hayo. Hapo wapenzi huenda kufunga ndoa mahali ambapo zamani watu walikimbilia.

Siku yenyewe ina jina la mtakatifu wa Roma, ila mapenzi tunayakuta kwa Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, aliyetunga shairi refu juu ya ndege wanaokusanyika siku hiyo kuchagua wenzi. Safari ya wawili kwenda Gretna Green ina chanzo kingine, nacho ni sheria.

Zamani London ilikuwa rahisi kuoana kwa siri, hasa karibu na jela ya Fleet, ambako makasisi waliozesha yeyote mwenye ada. Wazazi wenye mali waliogopa, na Bunge likapitisha sheria ya Lord Hardwicke, iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754. Ndoa sasa ilitakiwa kufungwa kanisani, baada ya kutangazwa au kwa leseni, na aliye chini ya miaka 21 hakupewa leseni bila idhini ya mzazi au mlezi.

Sheria hiyo haikuvuka mpaka. Scotland, mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 12 waliweza kuoana kwa kutamka tu kwamba wanakubaliana, mashahidi wakisikia. Waliowafungisha ndoa pale Gretna waliitwa makasisi wa fuawe, ingawa si wote walikuwa wahunzi. (Mhunzi akigonga fuawe anapendeza zaidi kwenye kadi, tunakubali.)

Si wote walipitia Gretna. Novemba 1772, Bessie Surtees, binti wa mwenye benki wa Newcastle, alishuka kwa ngazi kutoka dirishani akaondoka na John Scott, mtoto wa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Waliooana Scotland wawili hao, wazazi wakapoa, na miezi miwili baadaye ndoa ikafungwa upya kanisani Newcastle. Huyo Scott baadaye akawa Lord Eldon, akashika kwa karibu miaka 25 cheo kilekile alichokuwa nacho Hardwicke alipoleta sheria yake.

Hadithi kama hiyo ndiyo inayosimuliwa. Ya Ellen Turner husimuliwa kidogo. Machi 1826, Ellen alikuwa na miaka 15, mtoto pekee wa tajiri wa viwanda, akisoma shule ya bweni Liverpool. Alifuatwa kwa barua ya uongo kwamba mama yake anaumwa. Aliyemchukua ni Edward Gibbon Wakefield, mjane aliyewahi kutoroka na binti mwingine tajiri miaka kumi nyuma. Alimwambia Ellen kwamba baba yake amefilisika na kwamba ndoa ndiyo itakayomwokoa. Pale Gretna, Ellen akakubali.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Bessie na John walitoroshana, Ellen alitoroshwa. Viambishi viwili tu, lakini Scotland hawakuuliza tofauti yake: neno la kukubali lilitamkwa, basi ndoa ipo. Na wakati huo mali ya mke iliangukia mikononi mwa mume. Mke aliyeolewa hakupata haki kamili ya kumiliki chake mpaka sheria ya 1882.

Ndugu zake walimkuta Calais, Ufaransa, akaondoka nao. Wakefield alifungwa miaka mitatu, na mwaka 1827 Bunge lilipitisha sheria maalumu kuivunja ndoa hiyo. Binti wa maskini angeipata wapi sheria ya Bunge?

Sisi wenyewe tumegawanyika. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambamo posa hupelekwa kwa wazee, na baadhi yetu tunamwelewa Hardwicke kuliko tulivyotarajia. Wengine wanasema alilinda urithi kuliko mabinti. Tunaelekea upande wa hawa wa pili, maana kilichomponza Ellen si kukosekana kwa idhini ya baba tu, bali kudanganywa.

Mwaka 1856 Bunge lilidai mmoja wa wachumba awe amekaa Scotland siku 21 kwanza, na makasisi wa fuawe walipigwa marufuku mwaka 1940. Tangu Februari 2023, Uingereza hairuhusu ndoa kwa aliye chini ya miaka 18. Tunapoandika haya, Scotland bado ni 16, bila idhini ya mzazi.