Ukinzani wa ufa

ukinzani wa ufa *nm* [u-] (uhandisi) uwezo wa metali au maada nyingine kuzuia ufa uliokwisha kuwamo ndani yake usiendelee kukua inapovutwa au kupindwa.

Tofauti ya maana. Istilahi hii isichanganywe na *ugumu* wala *nguvu*. *Ugumu* ni uwezo wa uso kustahimili kubonyezwa au kukwaruzwa. *Nguvu* ni kiasi cha mkazo ambacho maada huhimili kabla ya kuumbuka moja kwa moja au kukatika. Kioo ni kigumu kuliko alumini, lakini fundi akikichora mstari mwembamba hukivunja kwa mikono. Kioo ni kigumu, ila ukinzani wake wa ufa ni mdogo sana.

Kipimo. Kipande cha aloi ya alumini hutiwa mkato kwa mashine. Kwa kuwa ncha ya mkato huo ni butu ikilinganishwa na ufa halisi, kipande huvutwa na kulegezwa maelfu ya mara kwa mzigo mdogo, hadi ufa wa kweli uchipuke nchani. Kisha huvutwa polepole kwa mzigo unaoongezeka, huku kifaa kilichobanwa mdomoni mwa mkato kikipima unavyopanuka. Mzigo ambao ufa huanza kukua, pamoja na urefu wa ufa na vipimo vya kipande, hutoa thamani inayotajwa kwa megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Kipande sharti kiwe kinene vya kutosha. Chembamba huumbuka kwa wepesi kwenye ncha ya ufa, na hivyo huonyesha thamani kubwa kupita kiasi.

Umuhimu wa tofauti hii. Aloi ya 7075 katika hali ya T651 huanza kuumbuka kwa mkazo wa takriban megapaskali 500, ilhali 2024 katika hali ya T3 huanza kwa takriban 345. Ya kwanza ni ngumu zaidi na ina nguvu zaidi; hata hivyo, ukinzani wake wa ufa, ambao kwa kawaida ni kati ya 24 na 29, ni mdogo kuliko wa ya pili. Ndiyo maana 2024 imetumika sana kwenye ngozi ya kiwiliwili cha ndege na upande wa chini wa mabawa, sehemu zinazovutwa kila safari. Mfasiri anayeandika *ugumu* mahali pa *ukinzani wa ufa* humwelekeza msomaji kwenye aloi isiyofaa.

Matumizi
*Si sahihi:* Ugumu wa aloi hupimwa kwa kuvuta kipande chenye ufa.
*Sahihi:* Ukinzani wa ufa wa aloi hupimwa kwa kuvuta kipande chenye ufa.
*Sahihi:* Ugumu wa aloi hupimwa kwa kubonyeza uso wake.