Askari na Mbwa Wake: Kicheko Ambacho Pwani ya Kismayo Ingekielewa Upesi

Mwaka 1989, ndani ya miezi mitatu, Hollywood ilitoa filamu mbili za vichekesho zenye wazo moja: mpe askari mbwa, kisha kaa pembeni uone vituko. Ya kwanza, K-9, ilitoka Aprili 28. James Belushi aliigiza Michael Dooley, mpelelezi wa San Diego ambaye wenzake hawamtaki, akaishia kupewa mbwa wa polisi aitwaye Jerry Lee. Ya pili, Turner & Hooch, ilitoka Julai 28, na ndiyo iliyokaa zaidi katika kumbukumbu za watu.

Humo Tom Hanks ni Scott Turner, mpelelezi nadhifu kupita kiasi, mtu ambaye kila kitu nyumbani kwake kina mahali pake. Mzee mmoja anauawa, na aliyeshuhudia ni mbwa wake tu, Hooch, jibwa lenye uso uliokunjamana na midomo inayoning'inia. Turner hana budi kulichukua. Linatafuna viti vya gari lake, linavuruga nyumba nzima, na popote linapotikisa kichwa udenda unaruka: ukutani, kwenye fanicha, kwenye nguo za mwenyeji.

Hapo ndipo mtu wa Koyama, Chovai au Chula, visiwa vya Wabajuni katika pwani ya Kismayo, kusini mwa Somalia, anapoicheka filamu hii kwa sababu ambazo watunzi wake hawakuziwaza. Wabajuni ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwa madhehebu hayo udenda wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Turner anahangaikia usafi wa nyumba yake. Mtazamaji wa Kismayo angekuwa tayari anahesabu maosho na kuuliza swala ya alasiri itakuwaje. Huko California huo ni mzaha juu ya tabia ya mtu mmoja, lakini kwa mtu wa pwani yetu ungegusa sheria anayoijua tangu chuoni.

Tusiseme basi kwamba pwani haimpendi mbwa, tukaishia hapo. Kila Ijumaa wengi husoma Suratul Kahf, na ndani yake yumo mbwa amenyoosha miguu ya mbele kizingitini mwa pango, pamoja na vijana waliolala humo. Dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Ipo pia hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mbwa mwenye kazi ana heshima yake, mradi abaki nje ya mlango. Kinachoiendesha Turner & Hooch ni mbwa aliyevuka mlango huo.

Asili ya mchezo huu ni ya zamani kuliko Hanks na Belushi. Mwaka 1899 mji wa Ghent, Ubelgiji, ulianza kutumia mbwa katika doria za polisi kwa utaratibu rasmi, na miji mingine ikaiga. Sinema nayo ilikuwa changa. Kuanzia 1912 mtayarishaji Mack Sennett aliwafanya polisi wa filamu zake za Keystone kuwa kichekesho cha dunia, wakianguka na kugongana. Mwaka 1918 Charlie Chaplin akatoa A Dog's Life: maskini mmoja, mbwa wake, na askari anayemwinda kwenye ua wa mbao huku yeye akibingirika chini ya ua, mara ndani, mara nje. Humo mbwa yuko upande wa mnyonge na askari ndiye anayechekwa. Mwaka huohuo wa 1918 mwanajeshi wa Marekani, Lee Duncan, alimwokota Ufaransa mbwa mchanga aliyekuja kuitwa Rin Tin Tin. Filamu zake zilimgeuza mbwa kuwa shujaa. Ilichukua miongo mingi hadi mikondo hiyo miwili, askari wa kuchekwa na mbwa shujaa, ikutane katika filamu za 1989.

Huku kwetu askari na mbwa walikutana kwa namna nyingine. Kismayo na visiwa vyake vilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha Waingereza, na mwaka 1925 Jubaland, jimbo lenye Kismayo, ikakabidhiwa Waitalia. Watu hawakuulizwa. Upande wa Kenya, kikosi cha mbwa wa polisi kiliundwa 1948, na wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952 mbwa walitumika kuwafuatilia wapiganaji wa Mau Mau misituni. Kwa watu waliotawaliwa hivyo mbwa wa polisi alikuwa meno ya serikali. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kumcheka.

Halafu sinema zenyewe zikapokonywa. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka Januari 1991 na Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya kwa mashua. Baadhi yao waliishi miaka kadhaa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, jiji lenye majumba ya sinema na vibanda vya video. Waliobaki Kismayo walipita mikononi mwa wababe wa vita. Agosti 2008 wanamgambo wa al-Shabaab waliutwaa mji, wakapiga marufuku filamu na muziki, na wakadumu hadi vikosi vya Kenya na washirika wao walipowaondoa, operesheni iliyoanza Septemba 2012. Mtoto alinyimwa hata haki ndogo ya kuketi na wenzake na kucheka mbele ya kioo. Huo ni udhalimu, na hauandikwi vya kutosha.

Kwingineko Afrika Mashariki filamu za kigeni zilipata sauti ya Kiswahili. Tanzania ilikuwa na msimuliaji wa filamu Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Watu hawa hawatafsiri tu: humpa mhusika jina la mtaani, humtania, humwonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Askari wa kuchekesha tunaye pia. Kenya ilicheka kwa miaka mingi na kipindi cha Vioja Mahakamani, na baadaye na Inspekta Mwala, aliyeigizwa na Davis Mwabili. Mnyama wa kumsindikiza ndiye aliyekosekana.

Na hapa visiwa vya Wabajuni vina hazina ambayo sijui kwa nini hakuna mtunzi aliyeichukua. Wavuvi wa Kibajuni walisifika kwa kuvua kasa kwa kutumia samaki aitwaye chazo. Ana kinyonyeo utosini, naye hujibandika kwenye papa, kasa, hata ubavu wa chombo. Mvuvi humfunga kamba mkiani. Akimwona kasa, humtupa chazo majini. Naye humfuata, hujibandika kwenye gamba, na hapo kamba huvutwa taratibu. Ukivuta kwa pupa, kamba au chazo mwenyewe hukatika. Mwanazuoni wa Kiitalia Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima kuhusu Wabajuni, kilichochapishwa Roma mwaka 1955. Leo kasa wanalindwa, na ni haki walindwe. Ila mtu na kiumbe wanaotegemeana kazini, kila mmoja na ukaidi wake, ni kisa tulichokuwa nacho kabla ya Hollywood.

Siku hizi hata mbwa mwenyewe amerudi na sura nyingine. Mogadishu, mbwa wa kunusa mabomu wamefanya kazi pamoja na askari wa Umoja wa Afrika, na wamezuia vifo. Bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki vina mbwa wanaonusa pembe za ndovu. Askari Mwislamu aliyekabidhiwa mbwa wa namna hiyo ana mambo ya kweli ya kuamua kila siku: amguse vipi, abadili nguo lini, amwambie nini mama yake akirudi nyumbani. Hicho ni kichekesho kizuri, chenye adabu, na kisichomdharau yeyote.

Watayarishaji wa Mombasa na Lamu, na vijana wa Kismayo mnaorekodi kwa simu: kiandikeni, na mkiandike kwa Kibajuni.