Dhahabu juu, gesi chini: Bonde la Rukwa lina nini chini ya ardhi?

Ukiwa Chunya mjini umesimama juu ya miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Hiyo ndiyo miamba ya dhahabu ya Lupa, iliyovuta wachimbaji tangu miaka ya 1920. Lakini ukishuka kuelekea Galula na Ziwa Rukwa, miamba hiyo inapotea kabisa. Haikuisha, imezama.

Kilichoizamisha ni mpasuko wa Lupa. Upande mmoja wa ardhi ulibaki juu, wa pili ukashuka na kutengeneza shimo refu ambalo mito imekuwa ikilijaza mchanga na tope kwa mamilioni ya miaka. Shimo hilo lina kina kikubwa zaidi upande huu wa Chunya, kwenye mguu wa mpasuko. Makadirio ya juu yanasema mashapo yake yanafika kilomita 11 kwenda chini. Hapo ndipo maswali ya mafuta na gesi yanapoanzia.

Tabaka zenyewe zimepangana hivi. Chini kabisa ni ile miamba ya kale, ndugu wa ile ya dhahabu. Juu yake kuna tabaka la Karoo, lenye zaidi ya miaka milioni 250, ambalo lina makaa ya mawe. Ni kundi lile lile la miamba yenye makaa ya Kiwira. Kisha yanakuja mawe ya mchanga mwekundu. Sehemu ya chini ya mawe hayo inaitwa Galula, ya enzi za dinosaria, na ndimo alimotoka Rukwatitan, dinosaria aliyetangazwa mwaka 2014. Sehemu ya juu inaitwa Nsungwe, ina miaka milioni 25 hivi. Humo watafiti walipata mabaki ya Rukwapithecus, mmoja wa nyani wakubwa wa kale zaidi wanaojulikana duniani, wakamtangaza mwaka 2013. Juu kabisa ni tope na mchanga wa ziwa, ambao unaendelea kujilaza hadi leo.

Sasa mafuta. Watu wengi wanadhani chini kuna ziwa la mafuta limetulia linasubiri bomba. Hapana. Mafuta hukaa kwenye vitundu vidogo vya jiwe, kama maji kwenye sponji. Ili yapatikane lazima kuwe na tope lililozika mimea na viumbe vingi, joto la kutosha kulipika, jiwe la mchanga la kuyapokea, na mfinyanzi mgumu juu yake wa kuyafunika yasitoroke. Kikikosekana kimoja tu, kazi imekwisha. Rukwa ina mchanga mwingi, hilo halina ubishi. Wasiwasi uko kwenye lile tope lenye mabaki ya viumbe, na kwenye mfuniko.

Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichoronga visima viwili, Galula-1 na Ivuna-1. Ivuna ilifika zaidi ya mita 2,300. Vyote vilikuwa vikavu, kampuni ikaondoka.

Je, ndiyo basi? Mimi nasema mapema mno kufunga hesabu. Ni visima viwili tu kwa bonde lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, na kina cha Ivuna-1 ni kidogo ukikilinganisha na hizo kilomita 11. Angalia Uganda, kwenye mkono ule ule wa magharibi wa Bonde la Ufa. Walichoronga kisima cha Waki mwaka 1938, lakini mafuta ya kibiashara yalithibitishwa mwaka 2006. Hata hivyo, kufanana kwa mabonde si ushahidi wa mafuta, na asikudanganye mtu kukuuzia kiwanja kwa hadithi ya kisima kinachokuja.

Kilichopatikana Rukwa hadi sasa ni kitu kingine, heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walikadiria futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja ya bonde. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula West-1 kilitoa gesi yenye heliamu zaidi ya asilimia 4. Inaonekana kidogo, lakini sehemu nyingi duniani huvuna heliamu iliyo chini ya asilimia 1.

Na hii haitoki kwenye tope la viumbe. Inatoka kwenye ile miamba ya kale, ambamo urani na thori huoza polepole. Joto la Bonde la Ufa huifungulia, nayo hupanda kupitia nyufa pamoja na naitrojeni. Yale mapovu kwenye chemchemi za moto ni dalili yake.

Ila tuelewane: heliamu haiwaki, kwa hiyo si gesi ya kupikia. Hutumika kupoza mashine za MRI hospitalini na katika utengenezaji wa vifaa vya kompyuta.

Sheria nazo ni tofauti. Mafuta na gesi asilia viko chini ya Sheria ya Petroli ya 2015, na msimamizi ni PURA. Leseni za heliamu hutolewa na Tume ya Madini. Kwa mwenye shamba, vyote vilivyo chini ni mali ya umma. Anachoweza kudai yeye ni fidia ya ardhi, mazao na majengo yake, kwa hiyo hati au karatasi za kijiji ziwe tayari kabla mtambo haujafika.