Ngazi Ipo, Filamu Haipo

Wiki hii nina habari ya ngazi. Mjini Los Angeles, Marekani, katika eneo la Silver Lake, ipo ngazi ndefu ya saruji inayopanda kilima kutoka barabara ya Vendome. Hadi leo watu huenda kuitazama kwa ajili ya wachekeshaji wawili: Stan Laurel, yule mwembamba, na Oliver Hardy, pande la mtu. Mwaka 1932 walipandisha piano hapo katika filamu The Music Box, ikashinda tuzo ya Oscar.

Lakini walikuwa wamekwisha kuipanda kabla. Mwaka 1927, katika filamu fupi isiyo na sauti iitwayo Hats Off, walikuwa wachuuzi wa mashine ya kufulia nguo. Bibi mmoja anawaita kutoka juu. Wanaibeba mashine hadi kileleni, wakidhani wamepata mnunuzi. Kumbe bibi anataka wampelekee barua posta! Mwishowe ugomvi wa kuangushana kofia unaenea barabara nzima.

Nasimulia nisichokiona. Hakuna nakala yake inayojulikana popote duniani. Zimebaki picha za mnato na maandishi ya wakati ule.

Ilitoka Novemba 1927, mwezi mmoja tu baada ya The Jazz Singer, ambamo watazamaji walimsikia mwigizaji akiimba. Baada ya miaka michache filamu bubu hazikuwa na soko. Nyingi ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha, nyingine zikaozea ndani ya mikebe, nyingine zikaungua, maana mikanda ya naitreti ikishika moto huwaka hata ndani ya maji. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilieleza kuwa kati ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo, karibu 11,000, asilimia 70 zimepotea kabisa. Fupi kama Hats Off hazimo hata katika hesabu hiyo.

Sisi watu wa redio tusiwacheke. Mikanda ilipoadimika, mimi mwenyewe nilirekodi taarifa ya leo juu ya sauti ya mzee wa jana, na sikuona haya.

Hata hivyo, mwaka 2015 ilitangazwa kuwa sehemu ya pili ya The Battle of the Century, ya wachekeshaji hao hao, imepatikana katika mikusanyo ya mtu binafsi. Ndiyo ile ya kurushiana pai mtaa mzima. Kwa hiyo mikebe yenye kutu bado inafunguliwa, na ile mashine ya kufulia bado inatafutwa.